Kuku Waliopelekwa kwa Bibi

Kuku wa mayai aliyechoka ana harufu yake akichemka. Saa ya kwanza hanuki kitu zaidi ya manyoya yaliyobabuliwa. Saa ya pili inatoka harufu nzito ya mafuta, inayofanana kidogo na ya mahindi yanayochemshwa na maganda yake. Saa ya tatu, tangawizi ikishaingia, mtaa mzima unajua. Juzi jirani yangu alifunga banda lake na kuwaondoa kuku wote kwa bei rahisi, nami nikachukua mmoja, nikiwaza supu ya siku mbili na mchuzi wa kupikia wali. Nilipofunua sufuria, mvuke ukanipiga usoni, nikasimama na mfuniko mkononi muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Nilikuwa na miaka tisa tena, Singida mjini, mbele ya benchi la wateja wa Mama Mkubwa, nikisubiri kuulizwa swali.

Swali lilikuwa moja siku zote, na jibu langu lilikuwa moja. Kwa miaka mingi nimelisimulia jambo hili kama kichekesho, na watu wamecheka pale ninapotaka wacheke. Safari hii nataka kulisimulia kwa mpangilio wake.

Nililelewa Mgori na bibi, mzaa mama. Mama alikuwa na kazi Itigi, akija kwetu wakati wa sikukuu na begi la nguo ambazo tayari zilikuwa zinanibana. Kwa hiyo bibi ndiye aliyenifundisha kuoga, kusali na kuamkia watu. Alikuwa mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi, na kijijini alijulikana kwa jambo moja: hakusema uongo hata pale uongo ulipokuwa na faida. Nakumbuka mchuuzi wa kuku akija na tenga lake nyuma ya baiskeli, akachagua jogoo mmoja mwekundu, mzuri kuliko wote uani.

"Huyo muache," bibi akamwambia. "Jana alikohoa."

Mchuuzi akamwinua yule jogoo, akamtegea sikio. "Mbona mimi sisikii kitu, bibi?"

"Mimi nimesikia," bibi akasema, akamchukua, akamrudisha ndani.

Kwetu aliyechinjwa alikuwa jogoo. Mgeni akija, jogoo. Sikukuu, jogoo. Kuku jike aliyewahi kulea vifaranga aliachwa azeeke uani mpaka afe mwenyewe, na bibi hakuwa na maelezo marefu juu ya hilo. Alisema tu kwamba ameshafanya kazi ya kutosha. Mpaka naingia darasa la nne sikuwa nimewahi kuona tumbo la kuku jike likipasuliwa.

Darasa la nne ndilo lililonipeleka mjini, maana shule yetu ya kijijini iliishia la tatu. Mama Mkubwa, dada yake mama, alikuwa na nyumba upande wa Ziwa Kindai, mahali ambapo upepo unavuma mwaka mzima na mchanga unaingia hadi kwenye chumvi. Alikuwa kinyume cha bibi: mnene, mcheshi, anayeongea akiwa ametafuna kitu. Alifuga kuku wa mayai katika mabanda mawili ya matofali, na karibu na stendi alikuwa na kibanda cha supu chenye benchi tatu na paa la bati.

Kuku wake hawakufanana na wa bibi. Wote walikuwa wa kahawia, wote wamekatwa ncha za midomo wasidonoane, na hapakuwa na jogoo hata mmoja. Wiki ya kwanza nilimuuliza Mama Mkubwa vifaranga wako wapi.

"Vifaranga vya nani? Hawa hawalalii mayai, mwanangu. Hawakuumbiwa hiyo. Mwekee mayai chini yake uone, ataondoka aende zake kula pumba."

Nilijaribu, maana nilikuwa mtoto wa kujaribu. Niliweka mayai manne kwenye kiota chenye nyasi, nikamkalisha kuku juu yake, nikamshika. Nilipomwachia alitoka akiyakanyaga, hana habari. Nilirudia kwa kuku wengine sita au saba, kwa siku tofauti. Hakuna aliyekaa.

Kazi yangu pale nyumbani ilikuwa kuwapa pumba na mashudu ya alizeti, kuokota mayai, na kila Jumamosi mchana kutafuta waliochoka. Mama Mkubwa alinifundisha mwenyewe, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyembamba kuliko vyake. Unamshika kuku kichwa kikiangalia nyuma yako, unapapasa mifupa miwili iliyoko chini ya mkia. Anayetaga, vidole viwili au vitatu vinalala katikati ya ile mifupa bila shida. Aliyechoka, hata kimoja kinabanwa. Unaangalia tena upanga wa kichwani, kama umesinyaa na kupauka. Unaangalia miguu, maana kuku anayetaga sana miguu yake inakuwa myeupe, na akiacha kutaga rangi ya njano inarudi taratibu, kama mtu anayepona. Aliyeonekana amechoka nilimfunga uzi mwekundu mguuni.

Jumamosi ya kwanza nilifunga nyuzi tano. Nikauliza, "Sasa hawa wanaenda wapi?"

Mama Mkubwa alikuwa anapembua dagaa wa kuchanganya kwenye chakula cha kuku. Hakuinua kichwa. "Wanaenda kwa bibi yako Mgori, wakapumzike."

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi kichwani, nikitafuta ujanja ndani yake. Sijauona. Nadhani alikuwa na kazi mkononi, na jibu hilo lilikuwa karibu. Lakini kwangu halikuwa jibu dogo. Lilikubaliana na kila kitu nilichokijua. Kuku jike akimaliza kazi anaachwa uani kwa bibi, azeeke. Na ua wa bibi niliujua: nilijua kivuli wanacholala mchana, nilijua chungu kilichovunjika wanachonywea maji. Nilifurahi kwa niaba yao. Nilifurahi pia kwa niaba yangu, kwa kuwa kila Jumamosi kulikuwa na kitu kutoka kwangu kinachoenda nyumbani.

Jioni alikuja Mzee Ramadhani wa mtaa wa pili na baiskeli yake. Mama Mkubwa aliongeza na kuku wengine waliochoka aliowanunua kwa wafugaji wenzake, akawapanga kwenye tenga, na Mzee Ramadhani akawapeleka, ndivyo nilivyoambiwa, kwenye gari la Mgori. Asubuhi yake, na asubuhi nyingine za wiki, alirudi na beseni lililofunikwa kitambaa, ndani mna kuku waliokwisha kunyonyolewa.

"Majogoo ya bibi yako haya," Mama Mkubwa alisema.

Hesabu ikakaa sawa kichwani mwangu: majike yanakwenda, majogoo yanakuja. Shingo zilikuja, miguu ilikuja, vichwa havikuja kamwe. Leo hii ningeuliza kwanza habari za vichwa. Ningejua kwamba mdomo uliokatwa ncha ungesema kila kitu.

Kati ya kuku wote nilimpa jina mmoja tu. Alikuwa hana manyoya shingoni, wenzake walimnyonyoa, na kila nikiingia bandani alikuja kusimama juu ya kandambili yangu. Nikamwita Kipara. Jumamosi moja nilimpapasa, kidole kikabanwa. Nikapapasa tena. Nikamwangalia miguu, ilikuwa ya njano kabisa. Nilimfunga uzi bila huzuni yoyote, na huo ndio ukweli. Nilimwambia Mama Mkubwa, "Huyu mwambie bibi asimchanganye na wengine mpaka wamzoee, watamdonoa shingo."

"Nitamwambia," akasema.

Sasa kibanda. Asubuhi kabla ya shule, Jumamosi asubuhi na siku zote za likizo nilikuwa huko, nikiosha mabakuli na kupeleka ndimu. Supu ile ilikuwa nzuri, na sisemi hivi kwa ajili ya ukoo. Mama Mkubwa aliwaweka kuku kwenye sufuria kubwa na maji baridi, akaacha yachemke polepole, akaengua povu mpaka maji yakawa safi. Hakutia nyanya. Alitia vitunguu viwili vizima na maganda yake ya ndani ili mchuzi upate rangi, tangawizi iliyopondwa, kitunguu saumu, na chumvi mwisho kabisa. Mafuta ya njano yaliyoelea aliyakusanya kwenye kopo akaungia maharage ya mchana. Mifupa iliyobaki aliichemsha upya, na mchuzi wake ndio aliopikia wali. Hakukuwa na kilichotupwa. Katika sufuria zilikuwamo pia duara ndogo za njano, nyingine kama punje ya mahindi, nyingine kama gololi, ambazo wateja walizigombea. Niliambiwa ni mafuta ya kuku yaliyoganda. Mimi niliziita shanga.

Kuku wa Singida wana jina, na abiria wa mabasi walilijua. Mtu alishuka akijinyoosha mgongo, akasoma ubao wetu ulioandikwa kwa chokaa SUPU YA KUKU WA KIENYEJI, akauliza kabla ya kukaa, "Mama, kweli wa kienyeji, au wale wa mayai?"

"Mimi ni mfanyabiashara, utaniamini?" Mama Mkubwa alijibu. "Muulize mtoto."

Ndipo nilipoitwa. Nilikausha mikono kwenye gauni, nikasimama wima, nikasema, "Ni majogoo ya kienyeji. Yanatoka Mgori kwa bibi yangu. Bibi yangu hachinji majike."

Mtu akaangalia uso wangu, akaona hakuna kitu kilichofichwa, kwa sababu hakikuwapo. Akakaa.

Wateja wa kila siku waliniita Mgori. "We Mgori, lete ndimu!" "Mgori, leo bibi kaleta wangapi?" Walipenda niseme hata kama hakuna aliyeuliza. Aliyeniuliza zaidi ya wote alikuwa Baba Zaituni, fundi viatu aliyekuwa na meza yake hatua chache kutoka kwetu. Mke wake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo na alikuwa amelala nyumbani, wiki baada ya wiki. Kila asubuhi Baba Zaituni alikuja na chupa ya chai ya rangi ya bluu, akaiweka mezani, akanitazama kwa uso mzito.

"Shahidi wangu, shikamoo."

"Baba Zaituni! Mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, sema. Nina mgonjwa nyumbani. Daktari kasema supu. Hawa kuku ni wa wapi?"

"Wa Mgori, kwa bibi yangu."

"Unasimamia maneno yako?"

"Nasimamia."

"Jaza chupa."

Watu wa benchi walicheka, nami nilidhani wanacheka kwa ile shikamoo. Mjini pale kila mtu alisema kwamba mgonjwa lazima apewe kuku wa kienyeji, kwamba supu ya kuku wa mayai ni maji matupu, haimwinui mtu. Kwa hiyo mimi nilikuwa nampa Mama Zaituni nguvu. Nilikwenda shule nikijua kwamba kuna mama amelala mahali fulani mjini, na anapona kidogo kidogo kwa neno langu.

Bibi alikuja wakati wa likizo, siku ya Jumamosi. Hakutoa taarifa. Nilimwona akishuka kwenye gari la Mgori, ameshika kikapu cha ulezi na kitenge kimefungwa hadi kifuani, anaangalia magari kama mtu anayewahesabu mbuzi wasio wake. Niliacha bakuli nikakimbia. Nikampokea kikapu, nikamwamkia, nikamvuta mkono mpaka kibandani. Mama Mkubwa alikuwa anapakua. Nakumbuka alivyomwona mama yake, mkono wake ukasimama juu ya sufuria, upawa unachuruzika.

Benchi zilikuwa zimejaa. Baba Zaituni alikuwa amekaa mwisho, chupa yake kati ya magoti.

"Huyu ndiye bibi yangu," nikawatangazia watu. "Bibi wa kuku!"

"Ohoo!" Dereva mmoja wa lori akasimama kumpisha. "Shikamoo bibi. Karibu ukae. Tunakula mali yako hapa."

"Marahaba," bibi akasema, akakaa, akiwa bado hajaelewa ni mali gani.

Sikumpa nafasi. Nilikuwa na swali langu la miezi. "Bibi, Kipara hajambo? Wamemzoea?"

"Kipara nani?"

"Kipara, bibi. Yule asiye na manyoya shingoni. Kuku wetu. Wale mnaoletewa na Mzee Ramadhani kila Jumamosi."

Bibi alimtazama Mama Mkubwa. Mama Mkubwa akamwambia maneno machache kwa Kinyaturu, haraka, kwa sauti ya chini, kama anayemwambia asogeze mguu. Madereva hawakujua Kinyaturu. Mimi nilikijua kabla ya Kiswahili. Alisema, "Mama, watu wanakula."

Bibi akakaza kitenge chake kifuani, taratibu. Nimekaa na watu wengi wanaofikiria la kujibu, ni sehemu ya kazi yangu sasa, na ninajua kimya cha mtu anayekumbuka na kimya cha mtu anayechagua. Siku ile nilikuwa bado sijajifunza. Nilimtazama tu bibi nikisubiri aseme kile alichosema siku zote, yaani jambo lilivyo.

"Aa, Kipara," bibi akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Kipara hajambo kabisa. Nimemwekea mayai kumi na mawili. Analalia. Wiki ijayo atatotoa."

Benchi zima likafurahi. Dereva wa lori akapiga paja. "Umeona! Kuku wa Mgori hao!"

Bibi hakujua kuku wa mayai walivyo. Maisha yake yote alifuga kuku wanaolalia, na alipotafuta kitu kizuri cha kumwambia mtoto kuhusu kuku, hicho ndicho kilichomjia. Angesema Kipara yuko uani anachakura, ningemwamini mpaka leo. Lakini analalia. Mayai kumi na mawili. Niliona kiota changu cha nyasi, niliona wale kuku sita au saba wakitoka mmoja mmoja, hawana habari. Nikajua hakuna Kipara Mgori. Na kama hakuna Kipara, hakuna yeyote kati ya wale niliowafunga uzi. Basi waliomo kwenye beseni kila asubuhi ni akina nani? Hilo halikuchukua muda. Niliangalia sufuria, nikaangalia vidole vyangu.

"Haya, shahidi wangu leo kaja na shahidi wake," Baba Zaituni akasema, akinyanyua chupa. "Na wewe useme basi, nisikie. Wa wapi hawa?"

Bibi alikuwa akinitazama. Mama Mkubwa alikuwa akinitazama.

"Wa Mgori," nikasema. "Kwa bibi."

Chupa ikajazwa. Ule ulikuwa uongo wangu wa kwanza nilioujua kuwa ni uongo, na ulikwenda kwa mgonjwa.

Mchana, nyumbani, bibi alikaa kwenye ngazi akaomba maji ya kunawa miguu. Nikamletea. Nikasimama.

"Bibi, Kipara yuko wapi?"

Alinawa mguu mmoja, kisha wa pili. "Umekuwa mrefu," akasema.

"Yule jogoo aliyekohoa ulimwambia mchuuzi. Kwa nini leo hukusema?"

"Ulitaka nimwaibishe mwanangu mbele ya watu?"

Alisema bila ukali. Aliuliza kama swali ambalo jibu lake linajulikana na kila mtu. Mimi nilikuwa nimeishi ndani ya nyumba yake nikidhani mwanawe ni mimi. Kumbe alikuwa na mwanawe, na ilipobidi kumlinda mmoja wetu, hakuhitaji hata kufikiri ni yupi.

"Na mimi je?" nikamuuliza.

"Wewe ni mtoto. Utasahau." Akajifuta miguu kwa upindo wa kitenge. "Kuku ni kuku, mama. Wale hawakuwa na kazi tena."

Hilo la mwisho nililikubali, na nalikubali leo. Sikulia kwa ajili ya Kipara, au si sana. Niliyekuwa nikimlilia nyuma ya banda ni Mama Zaituni. Wiki ngapi amelala? Nilianza kuzihesabu kwa vidole. Kila siku anakunywa maji matupu, na kila siku mimi ndiye niliyesimama wima nikasema anywe. Nikaona wazi kwamba hainuki kwa sababu yangu. Nikaona pia kitakachotokea nikisema: wateja watahama, Mama Mkubwa atanirudisha Mgori, shule itakwisha, na Mgori kwenyewe sitakuwa na mtu. Nilikaa na mambo hayo mawili siku nzima ya Jumapili. Bibi aliondoka na gari la asubuhi. Nilimwamkia kama ilivyo desturi, na sikumsindikiza.

Jumatatu nilipofika kibandani sikuingia. Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya fundi viatu. Baba Zaituni alikuwa anapiga gundi soli ya kiatu cha shule.

"Shikamoo."

"Marahaba, shahidi. Leo umewahi."

"Baba Zaituni, usimpe Mama Zaituni ile supu." Nilikuwa nimeyakariri maneno haya njiani, nikayatoa yote kwa pumzi moja. "Si kuku wa Mgori. Ni wa mayai. Ni wale waliochoka, mimi ndiye ninayewachagua. Sikujua. Jumamosi nilijua, nikakudanganya. Nisamehe. Mnunulie wa kienyeji apone."

Aliweka kiatu chini. Alinitazama kwa upole, na kwa nukta moja nilidhani atanishika kichwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimezaliwa Mtinko. Nimekulia kwenye kuku. Kuku wa kienyeji simjui?"

Sikuelewa.

"Zile za njano kwenye supu unazoziita shanga. Unajua ni nini zile?"

"Mafuta."

"Mafuta! Ni mayai yale, ambayo hajawahi kuyataga. Sasa jogoo gani ana mayai tumboni?" Akafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye gundi. "Mama Zaituni anaipenda hiyohiyo. Ina mafuta, nyama imeiva. Ya kienyeji alikataa, inamchosha taya. Anaendelea vizuri, jana kafagia uwanja. Usiwe na wasiwasi."

"Kwa nini ulikuwa unaniuliza kila siku?"

Nilitaka kweli kujua. Akanijibu kwa uaminifu, wa kwanza kunijibu hivyo mwaka mzima ule.

"Tulikuwa tunapenda unavyojibu. Unavyosimama vile, kama uko mbele ya mwalimu mkuu."

Halafu hakuweza kujizuia. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na kitu kizuri mno cha kukaa nacho peke yake. Akageukia kibandani, akapaza sauti: "Jamani! Mgori kaja kutubu! Anasema kuku ni wa mayai!"

Benchi zikalipuka. Dereva mmoja alishika ubavu. Mwanamke anayeuza vitunguu jirani yetu aliweka beseni chini ili acheke vizuri. "Hatujui sisi!" mtu akapiga kelele. "Tumedanganywa, turudishieni pesa zetu!" Nikaangalia uso hadi uso. Wote. Wale wa kila siku wote walijua, tangu siku ya kwanza, na kila asubuhi waliniita nisimame, nikasimama. Mama Mkubwa naye alikuwa anacheka, kitambaa mdomoni, machozi yanamtoka. Akanyoosha mkono kuniita, na sauti yake ilikuwa na mapenzi ndani yake, hilo nalo ni lazima niliandike.

"Njoo hapa, mwanangu. Njoo. Hawa wasikusumbue. Shika bakuli hizi."

Nilikwenda. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nilikuwa nimeinama kwenye beseni la vyombo basi lilipoingia stendi, na abiria mmoja akaja upande wetu, mwanamume wa makamo mwenye koti lililokunjamana kwa safari ndefu. Alisoma ubao. Alisita.

"Mama, habari za asubuhi. Hawa ni wa kienyeji kweli?"

Mama Mkubwa akakoroga sufuria. Hakuniita. Vijiko vikasimama, na wote wakanigeukia wakiwa na tabasamu wanalolizuia, wakingoja.

Nilikausha mikono. Nikasimama wima.

"Ni majogoo ya kienyeji," nikasema. "Yanatoka Mgori kwa bibi yangu. Bibi yangu hachinji majike."

Yule mgeni aliangalia uso wangu, kwa muda uleule waliouangalia wageni wote waliomtangulia. Watu wa benchi walikuwa wameinamia mabakuli yao kuficha vicheko.

"Asante, binti," akasema, akavua koti, akakaa.

Kwa kuwa yeye peke yake pale ndiye aliyeniamini, nilimchagulia bakuli lililo safi kuliko yote. Nikamtilia paja na shingo, na ndimu mbili badala ya moja. Nikampelekea kwa mikono yote miwili, nimepiga goti kidogo, kama nilivyofundishwa kumpa mkubwa kitu.